Kutoka Kiungani hadi Tabora: Maisha ya Martin Kayamba

Tarehe 14 Machi 1872, nje kidogo ya Tabora, Henry Stanley na David Livingstone waliagana. Stanley alishika njia ya kurudi Bagamoyo na barua za mzee yule. Livingstone akarejea Kwihara, kwenye tembe la udongo, mahali ambapo leo pana makumbusho, akakaa miezi mitano kusubiri wapagazi wa kumbebea mizigo yake. Siku mbili baadaye, tarehe 16 Machi, watu wapatao elfu mbili walikusanyika kwenye uwanja wa Kennington Oval, London, kutazama fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la FA. Upande mmoja walikuwa Wanderers, vijana waliotoka shule za matajiri. Upande wa pili walikuwa Royal Engineers, maofisa wahandisi wa jeshi la Malkia Victoria. Wanajeshi walifungwa bao moja kwa sifuri. Luteni Creswell alivunjika mtulinga mapema mchezoni, akakataa kutoka, akacheza hadi mwisho. Mwenzake, Francis Marindin, miaka miwili baadaye akawa rais wa chama cha soka cha Uingereza, akakiongoza hadi 1890.

Watu wale hawakulipwa hata senti kwa kucheza. Waliamini kwamba uwanja ni darasa, kwamba kijana anayejifunza kumpasia mwenzake mpira, kumtii nahodha na kuvumilia maumivu bila kulalamika ndiye atakayeongoza kikosi vitani na kutawala wilaya. Imani hiyo haikubaki London. Ilipanda meli pamoja na maofisa, walimu na mapadre, ikashuka Unguja, na kwa njia ambayo Marindin na wenzake hawakuifikiria, ikafika hadi gereza la Tabora. Aliyeifikisha huko alikuwa Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Martin Kayamba.

Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa na Waanglikana wa Oxford na Cambridge baada ya wito wa Livingstone, ilihamia Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Mbweni palijengwa makazi ya watu huru na shule ya wasichana. Kiungani, kando ya bahari kusini ya mji, palijengwa chuo cha wavulana. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, misheni ilisimamisha kanisa lake kuu pale pale, na Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ndiye pia aliyeandika baadhi ya vitabu vya mwanzo vya kufundishia Kiswahili kwa herufi za Kirumi.

Kiungani hapakuwa pa kusoma Biblia tu. Palikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na kuanzia 1888 wanafunzi wakatoa jarida lao la Kiswahili, Msimulizi, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya lugha yetu. Palikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya kazi, na jioni palikuwa na mpira na kriketi. Vijana wa Kimakua, Kiyao, Kibondei, Kinyasa na Kizigua walipangwa timu moja, wakavaa nguo moja, wakamtii nahodha mmoja ambaye huenda kwao angeonekana mgeni kabisa. Sioni kama historia ya vyama vya Tanganyika inaweza kuelezwa vizuri bila uwanja ule. Kabla ya mtu kujiita Mtanganyika, palikuwa na wavulana waliojifunza kusema "sisi wa Kiungani".

Hugh Peter Kayamba, baba yake Martin, alikuwa miongoni mwa waliofika mbali zaidi. Misheni ilimpeleka Uingereza katika miaka ya 1880, akasoma shule ya Bloxham katika mkoa wa Oxfordshire, enzi hasa ambazo shule za huko zilikuwa zimeshikwa na homa ya soka. Alirudi akawa mwalimu. Mwanawe alizaliwa Mbweni mwaka 1891, miaka kumi kabla ya kifo cha Malkia Victoria, akapewa majina ya kutosha kujaza mstari mzima wa daftari: Hugh Martin Thackeray Kayamba. Alikua akisikia habari za Uingereza nyumbani kwa baba yake, si kwa Mzungu, na hilo lilimjenga. Wengi wa rika lake walimwogopa Mzungu au walimwabudu. Yeye alimwona kama mtu ambaye baba yake alikaa naye darasa moja.

Martin alisoma Kiungani wakati mkuu wa chuo alikuwa Frank Weston. Huyu alizaliwa mwaka 1871, akasoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1898 akiwa padri kijana, akaongoza Kiungani tangu 1901 hadi alipofanywa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Alikuwa mkali wa ratiba na mkali wa imani, lakini alijifunza Kiswahili kwa bidii, akasema mara nyingi kwamba kasisi asiyeishi na watu hawezi kuwafundisha. Njia zao zitakutana tena kwenye vita, ingawa kwa pande mbili tofauti za nchi.

Alipomaliza masomo Kayamba hakuvaa kanzu ya padri. Alikwenda Mombasa kufanya ukarani serikalini, na kazi ikampeleka bara ya Kenya hadi Uganda. Reli ilikuwa mpya, ofisi zilikuwa mpya, na kijana aliyejua kuandika Kiingereza kwa mwandiko safi alipata kazi popote. Vita vya 1914 vilimkuta ng'ambo ya pili ya mpaka, katika nchi ya Wajerumani, alikokwenda kujaribu biashara. Hapo sifa zote za Kiungani ziligeuka hatia. Mtu mweusi anayesema Kiingereza, aliyebatizwa na Waingereza, ambaye baba yake alisoma Uingereza: kwa macho ya ofisa wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, huyo alikuwa mpelelezi.

Hakuwa peke yake. Wajerumani waliwakamata walimu na mapadre Waafrika wa misheni katika Bonde, nchi ya Wabondei, na maeneo ya jirani, wakiwatuhumu kwamba wanawasiliana na manowari za Waingereza. Walifungwa minyororo, wakasukumwa bara. Baadhi hawakurudi. Watu hawa walikuwa wamezoea kushika chaki na kitabu cha sala, wala hawakuwahi kubeba bunduki. Waliadhibiwa kwa ajili ya shule waliyosoma.

Safari yao iliishia Tabora, mji uliokuwa na kumbukumbu ndefu ya minyororo. Kwa zaidi ya nusu karne Tabora ilikuwa njia panda ya biashara yote ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha ikagawanyika: mmoja Ujiji na Kongo, mwingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga matembe yao hapa, wakapanda miembe ambayo kivuli chake bado kinafunika barabara za mji. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wenye sifa kuliko wote. Kijana ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi alihesabiwa hajakomaa. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na shanga na bunduki zikapanda, na pamoja nazo wakapita binadamu waliouzwa. Mwaka 1893 Mtemi Isike, aliyezuia njia na kutoza ushuru wake, alishambuliwa ngomeni mwake na Wajerumani chini ya Tom von Prince. Alipoona ngome imevunjwa, aliwasha baruti kujiua kuliko kukamatwa. Kutoka hapo Tabora ikawa boma la Kijerumani, na mwaka 1912 reli ikafika kutoka Dar es Salaam. Wapagazi waliobeba nchi nzima mabegani wakawa watu wa kufukuzana na garimoshi.

Wafungwa walipofika, Tabora ilikuwa inageuka mji mkuu. Dar es Salaam ilikuwa wazi kwa mizinga ya manowari, hivyo serikali ya Wajerumani ilihamishia shughuli zake bara. Meli haikuweza kuleta fedha kutoka Ulaya, basi Wajerumani wakatengeneza zao. Katika karakana ya reli ya Tabora waligonga sarafu za shaba na shaba ya manjano za heller 5 na 20, na sehemu ya malighafi ilikuwa maganda ya risasi. Mwaka 1916 wakagonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tai wa Kaisari, upande wa pili tembo akisimama mbele ya mlima. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanailipia fedha nyingi. Sarafu hiyo ilitengenezwa mjini ambamo walimu wa Kibondei walikuwa wanakaa nyuma ya boma bila kujua kosa lao.

Wazungu Waingereza pia walikuwa wafungwa hapo. Miongoni mwao alikuwa Padri Ernest Spanton, mkuu wa Kiungani wakati huo, aliyekamatwa akiwa bara vita vilipoanza. Aliandika kitabu mwaka 1917 kuhusu miaka yake miwili ya kifungo. Kilichowauma zaidi Waingereza wale kilikuwa kufanyishwa kazi za mikono mbele ya Waafrika, kama kukokota mikokoteni na kusafisha, jambo ambalo Wajerumani walilifanya makusudi ili kuwavunjia heshima. Lakini fikiria picha hiyo kwa jicho la Kayamba. Mkuu wa shule na wanafunzi wa shule wako kifungoni katika mji mmoja, mmoja analalamika kwamba amefanywa afanye kazi ya mweusi, na wale weusi wamefungwa minyororo shingoni. Vitabu vingi vya Kiingereza vimeeleza aibu ya wa kwanza. Habari ya wa pili tunayo kwa sababu Kayamba mwenyewe aliiandika.

Vita viliifikia Tabora Septemba 1916. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililoongozwa na Jenerali Charles Tombeur, lilikuja kwa mikono miwili. Kikosi cha Molitor kilitoka kaskazini upande wa Ziwa Victoria. Kikosi cha Olsen, Mdenmaki aliyetumikia Ubelgiji, kilikuwa kimeiteka Kigoma mwishoni mwa Julai, kikafuata reli kuelekea mashariki, yaani kikafuata ile ile njia ya zamani ya Ujiji. Jenerali Wahle aliyeulinda mji alikuwa ofisa mstaafu aliyefika Afrika Mashariki kutembelea mwanawe, vita vikamnasa. Mapigano makali yalikuwa Lulanguru, halafu Itaga usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, ambako Wabelgiji walirudishwa nyuma wakiacha maiti wengi. Askari waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika karibu wote. Wakongo walikabiliana na Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, baadhi yao watu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mpaka uliochorwa Berlin. Usiku wa tarehe 18 Wahle aliuondoa mji kimya kimya kuelekea kusini. Asubuhi ya tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia, milango ya magereza ikafunguliwa. Mfalme wa Ubelgiji baadaye alimpa Tombeur jina la heshima la "de Tabora", na katika mji wa Brussels kuna mtaa wenye jina la Tabora hadi leo.

Wakati Kayamba akiwa Tabora, mwalimu wake wa zamani alikuwa amevaa sare. Mwaka 1916 Waingereza walihitaji wapagazi wa jeshi, na Waunguja walikuwa wakikimbia maofisa waliotumwa kuwaandikisha, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshasikia habari za njaa, kuhara na mijeledi. Askofu Weston aliwaambia wakuu wa jeshi kwamba watu wataandikishwa ikiwa yeye mwenyewe atakwenda nao. Akapewa cheo cha Meja, akaunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akatembea nao kwa miguu pwani ya bara mizigo ikiwa mabegani mwao. Alihakikisha wanakula, wanalipwa, wagonjwa wanabebwa. Mwalimu wa Kiungani alikuwa amegeuka mwalimu wa jeshi, na somo alilolifundisha kwa mfano wake lilikuwa jepesi: mpagazi ni mtu. Somo hilo halikuwa limefika mbali. Katika vita vile makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wengi bila hata jina kwenye orodha. Weston hakusahau. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe juu ya kazi za kulazimishwa Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1924 huko Hegongo, Magila, katika nchi ile ile ya Bonde walikotoka wafungwa wa Tabora.

Kayamba alirudi pwani na mwaka 1917 akaanza kazi katika ofisi ya wilaya ya Tanga chini ya Waingereza. Alipanda ngazi hadi akawa karani mkuu, na chini yake ofisi nzima ya makarani ilikuwa ya Waafrika. Hilo lilikuwa jambo la kushangaza wakati ule, kwani wengi waliamini kwamba kazi hiyo ni ya Wahindi na Wagoa. Kayamba aliijibu hoja hiyo kwa mafaili yaliyopangwa, barua zilizojibiwa kwa wakati, na hesabu zisizo na dosari.

Jambo kubwa zaidi alilolifanya lilitokea Machi 1922. Akiwa na wenzake Tanga, aliunda Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Makarani na walimu waliingia bila kuulizwa kabila, na Wakristo walikaa na Waislamu. Walikuwa na chumba cha kusomea magazeti, madarasa ya jioni, na mpira. Nikitazama mpango huo naiona Kiungani: kengele, kitabu, uwanja. Lakini naiona Tabora pia. Mtu aliyefungwa mnyororo mmoja na wenzake kwa sababu ya elimu yao alikuwa amejifunza kwamba wasomi Waafrika, watoke kabila gani watoke, serikali inawahesabu kundi moja. Afadhali basi wajihesabu wenyewe. Chama kilifungua milango ya matawi nje ya Tanga, na fikra yake ikawa miongoni mwa zilizolea African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 chini ya rais wake wa kwanza, mwalimu Cecil Matola.

Mwaka 1931 serikali ilimpeleka London. Bunge la Uingereza lilikuwa linachunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, jambo ambalo walowezi wa Kenya walilitamani kwa manufaa yao. Mashahidi Waafrika kutoka Tanganyika walikuwa watatu: Mtemi Makwaia wa Usiha, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Kayamba. Hawakuutetea muungano huo, na mpango wa walowezi haukupita. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932. Maisha yake aliyaeleza kwa Kiingereza katika mkusanyo wa Margery Perham wa mwaka 1936. Alipelekwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam, katika nafasi ya juu kuliko Mwafrika mwingine yeyote katika ukarani wa Tanganyika, akapewa nishani ya M.B.E. Alifariki mwaka 1939. Kitabu chake kuhusu matatizo ya Afrika kilichapwa akiwa kaburini.

Wako wanaomwita kibaraka, na najua kwa nini. Alipenda utaratibu wa Kiingereza, aliamini maendeleo ya polepole, hakuwahi kupaza sauti ya kudai uhuru. Kwangu hukumu hiyo ni ya haraka mno. Tumpime kwa alichokikuta. Alikuta nchi ambamo Mwafrika aliyeelimika alikuwa mfungwa kwa Mjerumani na msaidizi wa Mhindi kwa Mwingereza, akaacha ofisi iliyoendeshwa na Waafrika na chama kilichowaunganisha bila kabila wala dini. Waliodai uhuru baadaye hawakuanzia mwanzo, walikuta msingi umeshawekwa.

Tabora nayo iliendelea kuwa njia panda. Mwaka 1925 serikali ilifungua hapo shule ya wana wa machifu, yenye gwaride, mabweni, viranja na mpira, na mwaka 1937 akaingia kijana wa Butiama, Julius Nyerere. Nyerere alirudi Tabora mwaka 1945 kufundisha shule ya St. Mary's, akashika kazi za tawi la chama kilichoirithi ile African Association. Na Januari 1958, mjini humo humo, chama cha TANU kilifanya mkutano wa kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uamuzi uliofungua mlango wa uhuru.

Kitabu cha Kayamba cha mwaka 1932 hakipatikani madukani. Kwihara kuna makumbusho ya Livingstone aliyekaa miezi michache, lakini habari za walimu Waafrika waliofungwa Tabora hazijulikani kwa wanafunzi wa mji huo. Naviomba vyuo vikuu vyetu na wachapishaji wa Kiswahili wakitoe upya kitabu hicho, na nawaomba wakuu wa mkoa wa Tabora waweke kibao katika boma chenye majina ya walimu wa Bonde waliofungwa huko kati ya 1914 na 1916.